Bunduki ya Mjomba Bondeni mwa Ruvuma

Mtwara ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili hivi, na ni katika miezi hiyohiyo mahindi hubeba na mpunga wa bonde la Ruvuma huanza kukomaa. Nguruwe pori wanaijua kalenda hiyo kuliko bwana shamba. Kwa hiyo bunduki ya kijijini ilihitajika hasa wakati kila kitu kimelowa: makuti, magunia, nguo, baruti. Anayeshangaa kwamba wazee wetu waliona risasi kugoma ni jambo la kawaida, hajawahi kulala dunguni mwezi wa Februari.

Bunduki ya kwanza niliyoijua ilikuwa gobore la ukoo. Kwetu Wamakonde vitu vya namna hiyo hufuata upande wa mama, hivyo lilitoka kwa mjomba wa mjomba wangu likamfikia yeye, na mimi mpwa nikawa mbeba pembe ya baruti. Kulishindilia kulihitaji subira. Baruti, nyuzi za makumbi, mdeki. Vipande vya chuma, makumbi tena, mdeki tena. Mwisho fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachovishwa juu ya kichuchu cha chuma, chini ya nyundo. Fataki za dukani zilikuwa adimu, na zilipokosekana watu walibuni mbadala kwa vichwa vya kiberiti. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Usiku wa mvua ungesikia nyundo ikigonga, ta!, kisha kimya, kisha nguruwe wakikimbia katikati ya mahindi, na asubuhi nusu ya shamba imelala chini.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba wazo la fataki lilizaliwa kwa kero ya mwindaji. Mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, alichoshwa na ndege walioruka mara tu walipoona cheche za bunduki ya gumegume, kabla marisau hayajawafikia. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwashia baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Mjomba nilipomsimulia alifurahi sana. Alisema huyo mchungaji lazima alikuwa akila kanga.

Mwishoni mwa miaka ya sabini mjomba akapata leseni na bunduki ndogo ya .22, aliyoinunua kwa msimamizi wa zamani wa shamba la mkonge. Kwa nguruwe haikufaa kitu. Risasi yake ni nyepesi mno, na mnyama aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyekoswa, kwa hiyo gobore likabaki na kazi yake. Ile .22 ilikuwa ya njiwa, ya kanga, na zaidi ya yote ya starehe. Ijumaa baada ya swala, wenye leseni wachache wa vijiji vya jirani walikusanyika nyuma ya minazi, wakapanga vifuu mbele ya kichuguu kikubwa, wakalenga kwa zamu. Sisi watoto tulikaa nyuma yao, na aliyethubutu kusogea mbele ya mstari alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo.

Risasi ya .22 ni ya ukoo wa zamani. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitengeneza babu yake mwaka 1845, kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ikatoa ya .22 mwaka 1857, na ile ndefu inayotumika hadi leo ilitoka mwaka 1887. Risasi kubwa za kivita huwa na fataki katikati ya kitako. Hii haina. Kemikali ya kuwashia husambazwa ndani ya ukingo wa kitako, ikiwa imelowa, kwa kulizungusha ganda kwa kasi. Pini ya bunduki huuponda ukingo ule na kemikali hulipuka. Ikiwa haikuenea sawasawa, na pini ikaangukia pale palipo patupu, hakuna kitakachotokea. Katika hewa ya chumvi ya kwetu, na kwa risasi zilizokaa miaka ghalani kabla ya kufika Mtwara, kugoma hakukuwa ajabu.

Nilichojifunza kwa mjomba ni namna ya kusubiri. Bunduki ikigoma hakuishusha. Aliuacha mtutu ukitazama kichuguu, akavuta uradi taratibu, na hakuna aliyemsemesha. Wakati mwingine moto huchelewa, ukawaka pale ambapo mtu amekwisha kata tamaa.

"Mpwa wangu," aliniambia, "risasi haijagoma mpaka uitoe. Kabla ya hapo imechelewa tu."

Akiisha kuitoa aliigeuza juani na kunionyesha alama ya pini ukingoni, kijishimo kidogo kama alama ya jino. Kikiwa kirefu, kosa ni la risasi. Kikiwa hafifu, kosa ni la bunduki: springi imechoka, au masizi na mafuta yameganda ndani. Risasi yenye kijishimo kirefu aliirudisha chemba akiwa ameizungusha ili pini igonge upande wa pili, na mara nyingi ililia. Ikigoma tena aliitenga. Aliogopa zaidi mlio mdogo, ule wa "puf", kwa sababu risasi iliyosukumwa na baruti dhaifu huweza kukwama mtutuni, na inayofuata ikapasua bunduki. Akiusikia huo alisimamisha mchezo wote, akaifungua chemba, akauangalia mtutu dhidi ya mwanga mpaka aridhike.

Nyumbani risasi zilikaa kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu ili unyonye unyevu, mbali na jiko. Kuna walioanika risasi zao juu ya bati kama dagaa, na hilo lilimkera kuliko kitu chochote.

Kufikia miaka ya tisini risasi zilizotoka mjini zilikuwa bora zaidi. Kugoma kukawa nadra. Ingepaswa kuwa heri tupu, lakini vijana walioanza kulenga wakati huo hawakuwahi kufundishwa na risasi mbovu. Kijana mmoja wa kijiji cha jirani, bunduki ilipomgomea, alifungua chemba papo hapo. Risasi ilikuwa imechelewa tu. Ganda lilipasuka likiwa nusu nje, na vipande vya shaba vikamwingia shavuni, chini kidogo ya jicho. Alipona. Naamini hadi leo kwamba kama angekulia kwenye gobore asingeguswa, kwa maana gobore lilimfundisha kila mtu kulishuku.

Huko Ulaya mabingwa wa kulenga wanaotumia risasi hiyohiyo ya .22, hata kwenye Olimpiki, huipima kila shehena ndani ya mtutu wao kabla ya kununua. Wamefika mbali sana kiteknolojia, na bado hawaiamini risasi mpaka wameijaribu. Mjomba angekaa nao vizuri.

Yale makusanyiko ya Ijumaa yalikwisha polepole. Wazee walifariki, na sheria ya silaha ya 1991, kisha ile ya 2015, zikaongeza masharti. Kisha ikaja Oktoba 2020, wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walipovuka mto Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya. Tangu hapo, mtu anayetembea bondeni usiku na bunduki, hata iwe gobore la babu yake, anaweza kudhaniwa adui. Nguruwe sasa wanafukuzwa kwa madebe, tochi na mbwa, na wanakula zaidi.

Mwaka 2022, Serikali ilipotangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, mjomba aliamua kuzirudisha zote mbili. Nilimsindikiza. Askari kijana alimwamkia, akaandika namba ya .22, akalipima gobore kwa macho, kisha akafungua kopo na kuanza kuzihesabu risasi. Ndani yake mlikuwa na kiberiti kilichofungwa uzi. Askari alikifungua akataka kuzimwaga risasi zilizokuwamo pamoja na nyingine, mjomba akamshika mkono.

"Hizo zimegoma mara mbili, mwanangu. Ziandike peke yake."

Askari alisema zote zitateketezwa, hakuna tofauti. Mjomba akavuta benchi akakaa, akasema atasubiri. Tulikaa pale mpaka mkubwa wa kituo aliporudi, akasikiliza, akaagiza uongezwe mstari mmoja kwenye karatasi: risasi za .22 zilizogoma, zihifadhiwe mbali na nyingine. Mjomba aliniomba nimsomee mstari ule, kisha akatia dole gumba.