Ndovu Mlangoni

Wahenga walisema tembea uone, nami, mpenzi msomaji, nimetembea nikaona. Nimeona ndovu. Najua wenzangu wa Kidato cha Tatu watacheka: "Ndovu ndio nini? Si hata hapa Voi tunawaona kando ya reli?" Ngojeni kwanza, msiwe na haraka.

Mjomba wangu anafundisha Botswana. Likizo ya Agosti mwaka jana alinilipia nauli, akakodi gari mjini Maun, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, na hema limekunjwa juu ya paa. Safari hiyo haikuwa na dereva wa kampuni wala mpishi. Mjomba alishika usukani, mkewe akashika ramani, na mimi nikawa mwosha sufuria. Tulibeba maji na mitungi miwili ya mafuta, maana ukipitia mbugani kutoka Maun hadi Kasane huwezi kutegemea kupata petroli njiani. Machungwa tuliyaacha. Tuliambiwa ndovu akinusa chungwa hulifuata hata ndani ya gari!

Barabara ni mchanga mtupu. Penye mchanga mzito mjomba alipunguza upepo wa magurudumu ili gari lisizame. Agosti huko ni kiangazi na usiku baridi inauma, lakini bonde la mto Okavango lilikuwa limejaa maji. Lo! Yametoka wapi? Kumbe ni mvua iliyonyesha Angola miezi mingi kabla, ikaja polepole. Mto huo haufiki baharini. Maji yake huishia kwenye mchanga wa Kalahari na mengine hukaushwa na jua. Ndiyo sababu wakati wa ukame wanyama wote hukimbilia pale.

Wanachama wa Chama cha Kiswahili, lugha yao haikunishinda kabisa. Ndovu wao humwita tlou, nyati ni nare, nyama ni nama, na watu ni batho. Ama kweli Wabantu ni ndugu!

Tulipiga kambi Khwai, kaskazini mwa hifadhi ya Moremi. Hakuna ua. Giza likiingia hutembei, ni hema na choo cha karibu tu. Usiku huo nikasikia matawi yakivunjika, kisha tumbo kubwa likinguruma chini yetu. Ndovu! Mkono wangu ukaanza kutafuta debe gizani. Nyumbani, mahindi yakikomaa, mimi na babu hulala shambani tukipiga madebe na kuwasha moto, na asubuhi naja shuleni nikisinzia. Mwaka juzi walikula ekari nzima kwa usiku mmoja.

"Tulia, mwanangu," mjomba alininong'oneza. "Hapa sisi ndio wageni."

Nikatulia. Ndovu akala majani yake, akaenda zake. Hapo ndipo usingizi uliponipaa kabisa, si kwa hofu bali kwa mawazo. Kumbe kuna watu wanaolipa ili wasikie kile ambacho sisi tunakesha kukifukuza!

Kesho yake mjomba alinieleza kwamba wazee wa Khwai waliondolewa ndani ya Moremi hifadhi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1963. Leo kijiji kina shirika lake linalosimamia kambi, na ada ya mgeni hupitia mikononi mwao. Sisemi kwamba Botswana ni peponi, la hasha. Nchi hiyo ina ndovu wapatao 130,000, na watu wake katika sensa ya 2022 walizidi kidogo milioni 2.3. Upande wa Seronga wakulima huliwa mazao kama sisi. Kwetu Kenya hesabu ya 2021 ilipata ndovu 36,280 peke yake, lakini watu tulikuwa zaidi ya milioni 47 katika sensa ya 2019. Ndovu atapita wapi asikanyage shamba la mtu?

Niliporudi nilimsimulia babu kila kitu. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Na hao wanaolipa, mahindi yao wameyapanda wapi?" Nilikosa jibu.

Swali hilo nawaachia nanyi, walimu na wanafunzi wenzangu. Katika mijadala yetu husikia upande mmoja ukisema ndovu ni fahari ya taifa, na mwingine ukisema ndovu ni adui. Mimi nimelala pande zote mbili. Ninalojua ni kwamba fahari hiyo ina gharama, na kwa sasa wanaoilipa kwa usingizi wao ni watu kama babu. Wakipata nao sehemu ya ada ya mgeni, labda siku moja ndovu akipita mlangoni tutaweza kumtazama tu, bila debe mkononi.