Usiuze Michungwa ya Mama Yako

Muheza, Jumapili jioni

Mpwa wangu Rehema,

Mguu wa bibi yako unaendelea vizuri na mvua zimeanza. Nakuandikia kwa sababu ya neno nililolisikia sokoni juzi: kwamba unatafuta mnunuzi wa shamba la mama yako, upate kumlipa wakala anayekuahidi shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa ng'ambo, miezi sita, bila tasnifu. Kama ni uongo, niambie nipate usingizi. Kama ni kweli, usimpe hata shilingi kabla hujaimaliza barua hii.

Kusoma sikukatazi. Mama yako alifaulu darasa la saba, akabaki nyumbani kumuuguza babu yako, mimi nikaendelea hadi chuo kikuu, Mlimani. Michungwa ile aliipanda kwa mkono wake, nayo ndiyo iliyokusomesha. Ndugu za marehemu baba yako waliahidi ada ya mwaka wako wa tatu; mpaka leo sijaiona.

Nikiwa bado kazini, mwenzangu mmoja wa meza ya jirani alikopa, akalipia shahada ya namna hiyo. Cheti kilikuja na lakiri nyekundu, akakitia fremu. Alipotaka kupandishwa cheo, mwajiri akataka uthibitisho kwamba shahada ile inatambuliwa nchini. Jibu lilipofika nilikuwepo. Alilisoma amesimama, akalikunja mara nne, akalitia mfuko wa shati, kisha akaniuliza, "Nyumbani nikasemeje?" Sikuwa na jibu. Deni alilipa miaka mitatu, kwa cheti kisichomsaidia kitu. Watu wakamweka kapu moja na wenye vyeti vya kughushi, naye hakughushi, aliharakishwa tu. Unakumbuka mwaka 2017, watumishi wa umma 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi, jinsi majina yalivyosomwa vijiweni. Jina likichafuka, halisafishwi kwa maelezo.

Kwa hiyo kwanza uliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama chuo hicho kinatambuliwa na kama wakala huyo amesajiliwa. Anayekwambia usiulize huko, huyo mkimbie.

Tena huna haja ya njia ya mkato. Kiwango cha kawaida cha kuingia uzamili hapa nchini ni GPA ya 2.7, nawe una 3.1. Vyuo vina njia mbili: masomo ya darasani na tasnifu, ambayo kwa kawaida ni miaka miwili, au utafiti mtupu, unaomfaa aliyekwisha kujua swali lake. Wewe chukua ya kwanza. Kama unachotaka hasa ni kupanda cheo kwenye halmashauri unakofanya kazi, tazama uzamili wa utawala wa umma, Mzumbe wanaufundisha. Huwezi kuacha kazi? Kipo Chuo Kikuu Huria. Ng'ambo nako kupo kwa halali: Uingereza uzamili kwa kawaida ni mwaka mmoja, na ufadhili wa Chevening unadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na ahadi ya kurudi nyumbani miaka miwili. Marekani huweza kumpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, na idara nyingi humlipia ada na kumpa posho, lakini ni miaka mitano au zaidi, nao watataka barua za walimu wako na andiko ulilolitunga mwenyewe.

Hapo ndipo ninapogombana na maneno haya "bila tasnifu". Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa 1984. Kwa ajili ya tasnifu yangu, nilizunguka vijiji vya chini ya Usambara nikiwauliza watu wameona tofauti gani. Mzee mmoja akanijibu kwa swali: "Zile za kwanza zilipoondoka, daftari la kodi yetu walimwachia nani?" Halikuwa kwenye dodoso langu. Niliandika sura nzima kwa ajili yake, na msimamizi wangu akasema hiyo ndiyo sura pekee iliyokuwa yangu. Siasa utakayoisoma bila kumsikia mzee kama yule, itakuwa kukariri.

Mengine kwa ufupi. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri, kwa maandishi. Transkripti chukua mapema. Wasalimie walimu wako wa zamani kabla hujawaomba barua. Usikope kwenye kikoba kwa ajili ya ada.

Ada ya mwaka wa kwanza, kiinua mgongo changu kimebaki na kitu, tutasaidiana. Nipigie kabla ya Ijumaa.

Asubuhi ya leo nimepita shambani. Mama yako alikuwa anapalilia chini ya michungwa, akanichagulia machungwa sita nije nayo kwa bibi yako. Neno lile halijamfikia, nami sikumwambia.

Mjomba wako akupendaye.