Shati la Kuvalia Juu

Kiswahili hakina neno moja la vazi nililolitafuta kwa muda wa wiki nzima mwezi wa Agosti 2023. Ni shati na si shati. Lina ukosi, vifungo na mifuko miwili ya kifuani, lakini limekatwa kwa upana na kushonwa kwa kitambaa kizito, ili livaliwe juu ya nguo nyengine na, baridi ikizidi, chini ya koti. Katika kazi yangu ya kufasiri nimekutana mara nyingi na vitu vya namna hii, na aghalabu hushindwa kwa heshima: huandika "shati la kuvalia juu", nikapita.

Kitambaa chake, kwa bahati njema, tunacho jina. Vijana husema jinzi. Sisi wa rika langu na waliotutangulia tulisema dangirizi. Asili ya neno hilo husemwa kuwa ni Dongri, mtaa wa Bombay, ambako kulipatikana kitambaa kigumu cha pamba cha watu wa kazi nzito. Waingereza wakalichukua jina, wakaliumba upya kwa ndimi zao, nasi tukalipokea kwao. Majina mengine mawili ya kitambaa hiki yamepita njia ya kaskazini: moja hunasibishwa na mji wa Nîmes wa Ufaransa, jengine na Genoa ya Italia. Mimi nalipenda hili letu, kwani angalau lilianza safari upande huu wa bahari.

Shati lilikuwa la mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, tuliyemlea nyumbani tangu ana miaka sita. Alipata nafasi ya kusoma Glasgow, mji ambao mvua yake haingoji masika. Mwenyeji wake alikwisha kumwahidi koti la kuazima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, wakamalizia kwa neno ambalo mhariri wa jarida hili hatalipitisha. Nami nilitaka kijana awe na walau nguo moja ya baridi iliyo yake.

Rafiki mmoja alinicheka. Mtu wa kisiwani, alisema, atajuaje mambo ya nguo juu ya nguo? Sikukubaliana naye. Bwana harusi wetu huvaa kanzu, na juu ya kanzu joho. Babu yangu hakwenda Ijumaa bila ya koti juu ya kanzu, jua liwake lisiwake. Wanawake wetu wana kanga juu ya gauni, na buibui juu ya yote. Tofauti ni kwamba sisi huzidisha nguo kwa ajili ya heshima na sitara, na wao huzidisha kwa ajili ya hewa. Naam, hewa: kinachomkinga mtu na baridi si uzito wa kitambaa peke yake, bali ni ile hewa iliyonaswa baina ya nguo na nguo, isiyopata pa kutokea. Kwa hiyo nguo ya katikati haitakiwi kubana, wala haitakiwi kupwaya hata upepo ukapita ndani yake.

Niliamua kununua mtumba, na sikufanya hivyo kwa ubahili tu. Dangirizi mpya huchuja. Nili yake huhamia kwenye fulana nyeupe iliyo chini, na kitambaa kisichotengenezwa kwa njia ya kuzuia kurudi huweza kupungua hata sehemu moja katika kumi kikifuliwa. Mtumba umekwisha kuchuja na kurudi mikononi mwa mtu mwengine. Ukikutosha leo, utakutosha na mwakani.

Nilizunguka Darajani asubuhi tatu. Wenye viwanda hupima kitambaa hiki kwa aunsi za yadi moja ya mraba: shati jepesi huwa na 5 au 6, suruali ya kazi 12 hadi 14, na la kuvalia juu hupendeza likiwa baina, 8 hadi 10. Muuza mitumba hana mizani ya hayo. Nilijifunza kupima kwa vidole, kwa kuukunja upindo wa chini na kuuachia: ukibaki umesimama kidogo kisha ukalala, ndio wenyewe. Kwa kuwa zawadi ilikuwa ya siri, nilimchukua kijana wa jirani mwenye mabega kama ya mpwa wangu, nikamvisha sweta nene, nikamtembeza sokoni saa saba mchana. Alivumilia kiungwana. Nilimtaka anyanyue mikono, afunge vifungo vyote, akunje viwiko. Mashati mawili yaliyompendeza macho yalikataa hapo, kwa kuwa makwapa yalishonwa kwa mwili usio na sweta. La tatu lilikubali. Shilingi 18,000.

Mama yangu, aliyevuka miaka themanini, alilitazama juu ya kitanda akasema, "Unampa mtoto kaniki?"

Sikuwa na jawabu la haraka. Bibi yake alizaliwa shambani, mtoto wa watu waliomilikiwa, na hadi anakufa hakuruhusu kitambaa cha buluu nzito kiingie chumbani mwake. Baada ya mkataba wa biashara baina ya Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833, majahazi makubwa ya Massachusetts yalizidi kushusha hapa ile pamba nyeupe tuliyoiita merikani, ambayo ililimwa na watumwa wa kusini mwa nchi ile. Huku ikavaliwa na watumwa wa mikarafuu. Ikichakaa, ilitiwa nili ikawa kaniki, na kaniki nyengine ikaletwa kutoka Bara Hindi. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, tarehe 6 Aprili 1897, wanawake walioachwa huru waliipa kaniki mgongo wakaifuata kanga. Mwaka huohuo kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kwa kemia, na nili ya namna hiyo ndiyo inayotia rangi dangirizi karibu zote za leo.

Hayo sikumwambia, ya kwake yalikuwa karibu zaidi kuliko ya vitabuni. Nilichofanya ni kuupindua mkono wa shati, ndani nje. Katika kitambaa hiki mtande ndio unaotiwa nili, na mshindio huachwa mweupe, kisha hufumwa kwa mshazari, hata uso wa nje ukawa wa buluu na wa ndani mweupeweupe. Hata uzi wenyewe haujai rangi. Nili huushika kwa juu, moyo wake ukabaki mweupe, na ndiyo maana dangirizi hupauka pale mwenyewe anapokunja kiwiko. Mama aliusugua kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

"Hii ina ndani," alisema. "Kaniki haikuwa na ndani." Kisha akaomba sindano, kwa kuwa kifungo cha pili kilikuwa kimelegea.

Tulilifunga pamoja na karatasi niliyoandika kwa mkono wangu: chini yake vaa sufu, juu yake vaa koti la mvua, kwa kuwa pamba ikirowa haimfai mtu, lifue peke yake, kwa maji baridi, ndani nje, usilianike juani hata ukibahatika kuliona jua.

Picha ya kwanza ilitufikia mwezi wa Novemba. Kijana amesimama kando ya mto Clyde, sweta la kijivu, shati letu juu yake, koti la mvua likiwa wazi. Mama aliisogeza simu karibu na macho, akataka kujua kwa nini hakufunga kile kifungo cha pili.