Mabibo Katika Bilauri ya Jini

Katika nchi za baridi, watu hungoja theluji iyeyuke ndipo wafanye karamu ya kuilaki miti inayochipua, na desturi yao siku hizo ni kunywa vinywaji vyepesi vyenye mapovu, aghalabu jini iliyozimuliwa kwa maji ya soda na kutiwa tunda au ua. Ruangwa, kwetu kusini mwa Tanzania, haina theluji, wala kalenda yake haina majira yaitwayo machipuko. Lakini aliyepita njia ya Nachingwea mwishoni mwa Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, ameona jinsi miti ya miombo inavyotoa majani mapya yenye rangi ya shaba na damu ya mzee, ilhali ardhi ingali kavu na moshi wa mashamba ungali unafuka. Hazipiti siku nyingi, mabibo ya kwanza huanza kudondoka chini ya mikorosho, mekundu na ya manjano, na harufu yake hutangulia kumpokea mgeni barabarani. Hayo ndiyo machipuko yetu, na tangu nipate akili karamu zetu kubwa zimefuata msimu huo, kwa kuwa ndipo korosho huuzwa na mkono wa mtu ukawa na kitu. Ninayokusudia kuyasimulia ni mambo yaliyokipata kikombe cha karamu hizo.

Marehemu mjomba wangu, ambaye kwa mila yetu sisi Wamwera ndiye aliyekuwa na amri juu yangu kuliko baba, alikuwa mtumishi wa mezani katika nyumba za Wazungu wa mradi wa karanga huko Nachingwea. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1947 na serikali ya Uingereza, iliyokuwa na dhiki ya mafuta ya kula baada ya vita. Ukakusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mwaka 1951 ukatupwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Wengi wameandika juu ya matrekta yaliyovunjika na visiki vilivyokataa kung'oka. Mjomba hakuwa na habari za matrekta. Yeye alisimulia sinia. Jua likikaribia kutua, alisema, mabwana wale walikaa barazani, naye akawapelekea jini, vipande vya ndimu, chupa ndogo za maji machungu ya kwinini yaliyotiwa hewa, na barafu iliyotoka katika jokofu lililowashwa kwa mafuta ya taa. Kwinini aliijua, kwa kuwa ilikuwa dawa ya homa. Kilichomstaajabisha ni kuona watu wakiinywa kwa furaha pasipo ugonjwa, na zaidi ya hayo kuona maji yaliyogandishwa kwa moto wa taa.

Alimimina, lakini haikuwa halali yake kuonja. Tangu mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, madola ya Ulaya yaliyotawala Afrika yaliafikiana kuzuia biashara ya vileo vikali kwa wenyeji, na sheria za Tanganyika zilimkataza Mwafrika kununua chupa ya aina hiyo. Hivyo mtu mzima mwenye mke na watoto aliaminiwa funguo za kabati lakini hakuaminiwa tone lililomo. Kama alionja kwa siri, hakupata kukiri. Nami nasema tu kwamba alieleza ladha yake kwa ufasaha usiopatikana kwa kunusa. Mradi ulipokufa, Wazungu walifunga mizigo, na baada ya uhuru hata reli iliyoletwa kwa ajili ya karanga ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa, tukaachiwa kata inayoitwa Stesheni ambayo garimoshi haliingii. Mjomba alirudi kwao na masanduku ya chupa tupu za jini, na chupa hizo ndizo zilizoingia katika historia ya karamu zetu.

Kwani sisi mapovu tulikuwa nayo. Alfajiri ya msimu, mama mkubwa alitutuma watoto mikoroshoni na mapakacha. Tukayaokota mabibo yaliyoanguka usiku, tukanyonga korosho na kuiweka kando, maana hiyo ilikuwa fedha, na tunda lenyewe tukampelekea kabla jua halijawaka, kwa sababu bibo likishinda chini mchana mmoja huanza kuoza. Aliyakatakata, akayatwanga kidogo kinuni, akayakamua na kuyachuja katika kung'uto, na maji yake akayaacha mtungini. Hakutia hamira, kwa kuwa hamira hukaa katika ganda la tunda lenyewe. Ilipofika alasiri mtungi ulikuwa ukichemka pasipo moto, povu jeupe limepanda hadi shingoni. Huo ndio uraka. Siku ya kwanza ni mtamu na mwepesi, hata mgeni asiyejua hudhani ni maji ya matunda tu, mpaka anapotaka kusimama. Siku ya pili huwa mkali, na ule ukakasi wa mabibo unaokwaruza koo hujitokeza dhahiri. Wazee waliunywa kwa kata moja iliyozunguka, kila mtu akifuta ukingo kwa kiganja kabla ya kumpa jirani.

Mjomba ndiye aliyewaza kuutia uraka wa asubuhi katika zile chupa za jini, akaziziba kwa gunzi lililofungwa kamba, akazilaza katika shimo lenye mchanga mbichi hadi magharibi. Chupa nyingine zilipasuka kwa kishindo shimoni, tukacheka; zilizosalimika zilifunguliwa mbele ya wageni, na uraka ulipanda katika bilauri kwa mapovu madogo madogo yasiyokatika, kwa sababu ile hewa inayozaliwa na uchachu ilikosa njia ya kutoka, ikayeyuka ndani ya kinywaji. Mjomba aliapa kwamba Wazungu wake hawakupata kunywa kitu kizuri kama kile. Sikuwa na cha kulinganisha wakati ule. Leo ninacho, na bado naafiki.

Uraka uliosalia haukumwagwa. Uliachwa uchache hadi uwe mkali kabisa, ukapikwa katika pipa, na mvuke wake ukapitishwa katika bomba lililolazwa majini, ukatoka nipa. Hata baada ya msimu nipa haikukoma, kwa kuwa mabibo yalianikwa yakawa kochoho, na kochoho ikilowekwa hurudisha kileo hata wakati mikorosho haina kitu. Lakini nipa ilikuwa mtoto wa kichakani. Serikali ya mkoloni iliikataza, na serikali yetu wenyewe, kwa sheria ya moshi ya mwaka 1966, ikaendelea kuharamisha kila kileo kinachotoneshwa pasipo leseni. Kwa hiyo katika karamu uraka ulikaa mbele, katikati ya watu, na nipa ikakaa nyuma ya nyumba chini ya ulinzi wa kijana mwenye miguu mepesi. Sitaitukuza. Nimewaona wanaume wema wakimalizwa nayo, na pipa lililokuwa na dizeli halisafishiki kwa maji ya kisima. Lakini naona ni ajabu kwamba huko Goa, ambako Wareno waliupeleka mkorosho kutoka Brazili kama walivyouleta pwani yetu, kinywaji kilekile cha mabibo, wao hukiita feni, hupikwa kwa leseni, huuzwa katika chupa zenye nembo, na mwaka 2009 kilipewa hifadhi ya kisheria kuwa ni mali ya Goa kwa asili. Mti mmoja, tunda moja, mvuke mmoja. Huku mpishi wake hukimbizwa na mgambo.

Kisha mabibo yenyewe yakatutoka. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho mingi ilibaki maporini bila mwenyewe, bei ikawa ya kukatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaja na ungaunga wake mweupe kuyakausha maua kabla ya kushika tunda. Tanzania iliyovuna tani takriban 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74 ilifikia tani zipatazo 16,000 tu katika msimu wa 1986/87. Hesabu hizo huzungumzwa kwa upande wa korosho. Sijapata kumsikia mtu akihesabu mitungi ya uraka iliyokosekana, ilhali kila korosho isiyozaliwa ilikuwa na bibo lake.

Nafasi hiyo ndiyo iliyochukuliwa na Konyagi, kileo cheupe cha Tanzania Distilleries ya Dar es Salaam, chenye nguvu ya asilimia 35, ambacho walio wengi hukihesabu kuwa ndiyo jini ya Mtanzania. Kuiweka Konyagi mezani ilikuwa heshima: kitu cha duka, chenye kizibo cha kiwandani, ambacho mjumbe wa nyumba kumi aliweza kukinywa hadharani. Aliyekuwa na uwezo aliichanganya na soda ya tangawizi. Asiye nao aliinywa na maji. Baadaye vikaja viroba, vile vifuko vya plastiki vilivyouzwa kwa bei ya andazi, na karamu zikaharibika kwa namna nisiyopenda kuikumbuka, kwa kuwa kiroba hakina kipimo wala mwenyeji, hutoka mfukoni na kuishia mdomoni, hata watoto wa shule walikijua. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na aliyetangaza ni Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wetu wa Ruangwa. Wauzaji walinung'unika. Wake zao hawakunung'unika.

Wakati huo mikorosho ilikwisha kufufuka. Salfa ilikuwa imejulikana kuwa dawa ya ubwiriunga, minada ya stakabadhi ghalani ikawa jambo la kawaida, wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wakauzia katika chama chao kikuu cha RUNALI, na umeme ukatuletea kile ambacho mjomba alikiona katika nyumba za watu wachache tu, yaani barafu. Mabibo yakarudi kuzagaa chini ya miti, mengi kuliko wakamuaji, kwa maana vijana waliona uraka ni mambo ya kizee.

Hali ilikuwa hivyo pale mpwa wangu, ambaye hufanya kazi katika hoteli moja jijini, alipopiga simu kuhusu sherehe ya kumuaga mdogo wake aliyekuwa anaolewa mwezi wa Oktoba.

“Shikamoo, mjomba. Nataka tuwape wageni jini yenye mapovu, lakini juisi ya pakiti siitaki. Mabibo yapo?”

“Marahaba, mwanangu. Yapo mpaka tunayakanyaga.”

Alipofika alikuja na elimu yake ya hoteli, nami nikamwongezea ya mama mkubwa. Shida ya kwanza ilikuwa ule ukakasi, ambao katika kata ya wazee husameheka lakini katika bilauri ya baridi humfanya bibi harusi akohoe. Dawa yake ni wanga: uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, uliopoa, hukorogwa katika maji ya mabibo na kuachwa utulie, ukakasi hushikamana na wanga na kuzama chini, na juu hubaki maji maangavu ya rangi ya asali. Mabibo nayo sharti yaoshwe kwa maji mengi, kwani tunda lililobaki na vumbi la salfa hunuka kama kiberiti. Asali tuliichemsha na tangawizi iliyopondwa, kwa maji kidogo.

Kuchanganya kwenyewe hakuna siri. Konyagi sehemu moja, maji ya mabibo sehemu tatu, ndimu ya kukamua, asali kwa kuonja; vyote vipoe kwanza katika barafu, kwa kuwa kinywaji cha moto hakishiki hewa. Soda hutiwa mwisho, ikiteremshwa taratibu ubavuni mwa bilauri, na kijiko kipite mara moja tu, asije mkorogaji akayafukuza mapovu aliyoyalipia. Mpwa wangu alitaka maji ya kwinini badala ya soda, kama ya mabwana wa mjomba; tukajaribu, na uchungu wake ukapigana na bibo. Jini halisi hupata harufu yake katika tunda la mti wa jamii moja na mtarakwa wa milimani. Konyagi ni pole kwa harufu, na kwa kazi hii upole huo ni faida, maana humwachia bibo nafasi ya kunena.

Jagi la pili ndilo lililotutaabisha. Nusu ya wageni walikuwa Waislamu, na mabibo hayangoji: maji yaliyokamuliwa asubuhi yakifika magharibi yamekwisha kuwa uraka kwa hiari yake yenyewe. Kwa ajili ya masheikh ikabidi tukamue upya saa ile ile, tuyatokose mara moja ili ile hamira ife, tuyapoze, na tuyatie soda, ndimu na tangawizi katika vyombo ambavyo havikugusa kileo. Tuliyaweka katika meza ya peke yake, akasimama hapo kijana anayeaminika na pande zote. Hadi saa tatu usiku meza hiyo ilikuwa na watu wengi kuliko ile ya Konyagi, wakiwemo walevi wawili watatu wanaojulikana mtaa mzima, ambao sikuwauliza kisa.

Wageni wa Dar es Salaam waliomba chupa za kuchukua. Tulijaza chache, tukaziziba vema, lakini utingo wa basi alipozinusa alizikataa papo hapo; alisema msimu uliopita moja ililipuka kabla ya kufika Lindi, ikamlowesha abiria kanzu, naye hakuwa tayari kuapa tena mbele ya sheikh kwamba yalikuwa maji ya matunda tu.