Baragumu Ndani ya Tezi

Msomaji, huenda hujapata kuyafikiria machozi yako isipokuwa siku ya huzuni. Lakini machozi hayangoji msiba. Kila upesapo, maji mepesi hutandazwa juu ya jicho, yakaliosha na kulilainisha, na ndani yake mna protini ziuazo vijidudu. Maji hayo hutoka katika tezi ndogo, kadiri ya lozi, iliyofichwa chini ya nyusi upande wa nje. Panya naye anayo. Bali ile yake iliyo kubwa imekaa mbali na jicho, chini ya ngozi karibu na sikio, na maji husafiri katika mfereji mwembamba mpaka machoni.

Ajabu ni kwamba tezi hii huweza kukaushwa na walinzi wake wenyewe. Seli za kinga ya mwili hupelekeana habari kwa protini ndogo ziitwazo sitokini, mfano wa baragumu la vita: moja ipigapo, nyingine hukusanyika. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi walivyodunga mojawapo, interlukini-1, katika tezi za panya wazima. Tezi zilivimba na machozi yakapungua, maana protini hiyo huizuia mishipa ya fahamu kutoa amri ya kumimina maji. Baada ya siku kadhaa uvimbe ulitoweka, tezi zikaota seli mpya, na machozi yakarudi. Lakini wako panya wa ukoo uitwao NOD, uliozalishwa Japani na kutangazwa mwaka 1980 kwa uchunguzi wa kisukari, ambao baragumu lao halinyamazi. Seli za kinga huingia tezini pasipo adui na kuiharibu kidogo kidogo. Katika ukoo huo tezi za machozi za madume ndizo zidhurikazo zaidi. Kwa wanadamu, wagonjwa wapatao tisa katika kumi ni wanawake. Sababu yake ingali ikitafutwa.

Ugonjwa huu kwa wanadamu huitwa kwa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi aliyeueleza kwa mapana mwaka 1933. Shangazi yangu aliuugua asijue jina lake. Alipofiwa na mumewe alilia kwa sauti, lakini mashavu yake yalibaki makavu, na waliokaa naye matangani wakanong'ona. Wengine walisema ana moyo wa jiwe. Mmoja alisema neno baya zaidi, ambalo sipendi kuliandika. Miaka miwili baadaye daktari alimtia ukanda wa karatasi ndani ya kope ya chini, akangoja dakika tano. Jicho zima hulowesha karatasi hiyo zaidi ya milimita kumi. Lake lililowesha mbili. Alipewa matone ya kutia machoni kila siku, kwa kuwa dawa ya kuifufua tezi haijapatikana.

Karatasi aliiomba. Akaifunga katika pindo la kanga, akaenda nayo kwa majirani.