Pampu Ndani ya Soksi

Jumanne, 27 Mei. Mbagala Charambe
Jana nimemaliza mtihani wa mwisho wa kidato cha sita. Leo nimeliona jina langu kwenye tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT): Mgambo JKT, Tanga. Mama amepiga vigelegele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi kuuliza kulikoni.

Jioni nimepanga vitu kama tangazo linavyotaka: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba za bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi, nauli ya kwenda na kurudi. Pampu ya pumu haimo kwenye orodha. Nimeitia ndani ya soksi, soksi nikaizungushia fulana, nikaizika chini kabisa ya begi.

Nataka kuwa askari, na naogopa kurudishwa kambini. Jeshi la Wananchi (JWTZ) wakitangaza nafasi kwa waliomaliza kidato cha nne na cha sita, masharti ni yale yale: raia wa Tanzania, umri usiozidi miaka 24, awe amepitia JKT, afya njema na akili timamu. Mengine ninayo au nitayapata. Hilo la afya ndilo linaloninyima usingizi.

Alhamisi, 29 Mei
Mjomba amekuja kutoka Tandika. Yeye alipita JKT mwaka 1992. Miaka miwili baadaye mafunzo ya mujibu wa sheria yakasitishwa, hayakurudi hadi 2013. Wao walikaa muda mrefu, sisi ni miezi mitatu, lakini anasema mchakamchaka ni ule ule. Hukimbii tu, unaimba. Mmoja anatoa chenja, kombania nzima inaitikia.

"Aliyeishiwa pumzi hujulikana kwa sauti kabla ya miguu, mjomba," ameniambia. Nimecheka naye, lakini nimeingiwa na baridi.

Ijumaa, 30 Mei
Alfajiri nimekimbia kuelekea Zakhem, naimba peke yangu kwa sauti ya chini. Mzunguko wa kwanza nilikuwa sawa. Mahali fulani mtu alikuwa anachoma taka, moshi umelala chini kama ukungu. Nikaanza kumeza maneno. Kwanza nikaacha neno la mwisho la kila mstari, halafu nusu ya mstari, mwishowe nikabaki na mluzi tu kifuani. Nimerudi nyumbani nimeshika ukuta, nikamwaga begi lote sakafuni kutafuta soksi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Alisubiri nivute mara mbili, nitulie, ndipo akauliza: "Huko Tanga, usiku ukizidiwa, nani atajua kwamba dawa iko ndani ya soksi?"

Sikuwa na jibu. Sina hata sasa.

Jumatatu, 2 Juni
Tumekwenda hospitali, Mama na mimi. Daktari ni mama wa makamo. Nimemwamkia, akaitikia, akanipa kifaa cha kupuliza. Mara tatu, akachukua namba kubwa: 380. Akanipandisha na kunishusha ngazi mpaka jasho likatoka, tukasubiri kidogo, nikapuliza tena: 290. Nikavuta pampu, tukakaa robo saa. 390.

"Pampu hii ya bluu unaivuta mara ngapi kwa wiki, binti?"

Nimesema ukweli: karibu kila siku tangu Machi. Kwenye duka la dawa huwa wananiuzia bila kuniuliza chochote, nami nilidhani hayo ndiyo matibabu. Ameniambia ya bluu inafungua njia ya hewa kwa saa chache tu, uvimbe wa ndani unabaki pale pale. Ukiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijatulia. Amenipa nyingine ya kahawia: asubuhi na jioni hata nikijisikia mzima, na kusukutua mdomo kila nikishavuta. Inahitaji wiki kadhaa kufanya kazi.

Nimemwomba aandike kwamba niko fiti. Amekataa kwa upole. "Nitaandika nilichokiona. Uamuzi ni wa daktari wa kambi, na yeye hawezi kuamua juu ya jambo asilolijua."

Jumanne, 3 Juni
Usiku nimelisoma tangazo upya, pale niliporuka mwanzoni kwa kuwa halikunihusu: wenye ulemavu wa kuonekana waripoti Ruvu JKT, Mlandizi, kwenye miundombinu ya kuwahudumia. Kwa hiyo jeshi lenyewe linajua kwamba miili haifanani, na limewatengea nafasi wale linaowaona. Mimi sionekani. Nikisimama kwenye foleni getini nitafanana na wengine wote. Ugonjwa wa aina yangu hauna wa kuusemea ila mwenyewe.

Huenda wakanirudisha. Nitalia, najua. Huenda wakaniweka mwishoni mwa mstari mpaka dawa ishike. Lakini askari ni mtu ambaye mwenzake anamtegemea amfikie, na siwezi kuanza kazi hiyo kwa kumficha mwenzangu kitakachoniangusha njiani.

Begi nimelipanga upya. Soksi ni soksi tu sasa. Pampu zote mbili ziko mfuko wa mbele, bluu na kahawia, na barua ya daktari iko juu ya bukta, kitu cha kwanza atakachokiona atakayelifungua.

Basi ni saa kumi na mbili asubuhi.