Usiue: Ni Nani Aliyeua Wengi Kuliko Wote?



Jumamosi iliyopita, katika mafundisho ya Kipaimara, tulikuwa tumefika Amri ya Tano. Kijana mmoja mwepesi wa kuuliza alisimama akasema: "Padre, katika historia yote, ni nani aliyeua watu wengi kuliko wote kwa mkono wake mwenyewe? Siyo kwa kuamuru, bali kwa mkono wake." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe lina jina la mtu. Nimeona nilitolee tafakari ya juma hili, kwa faida yake na yetu sote.

Mtu anayetajwa na wanahistoria wengi ni Vasily Blokhin. Alizaliwa Urusi mwaka 1895, akaingia katika polisi ya siri ya Kisovieti, na kwa miaka mingi chini ya utawala wa Stalin alikuwa mkuu wa kikosi cha kutekeleza hukumu za kifo mjini Moscow. Watu walioanguka mbele ya bastola yake kabla ya mwaka 1940 ni wengi. Hata hivyo, jina lake limebaki katika historia hasa kwa sababu ya majuma machache ya mwaka huo.

Mwezi Septemba 1939 majeshi ya Kisovieti yaliingia mashariki mwa Poland na kuteka maelfu ya maofisa wa jeshi, askari polisi na walinzi wa mpaka. Tarehe 5 Machi 1940, Stalin na viongozi wenzake walitia saini uamuzi wa kuwapiga risasi pasipo kuwapeleka mahakamani. Hesabu ya Wasovieti wenyewe, iliyoandikwa mwaka 1959, inataja watu 21,857 waliouawa. Wengi wetu tunayajua mauaji hayo kwa jina la msitu wa Katyn. Lakini mateka wa kambi ya Ostashkov, waliokuwa wamefungwa katika monasteri ya kale kisiwani katika ziwa Seliger, hawakufia msituni. Walisafirishwa hadi mji wa Kalinin, ambao leo unaitwa Tver. Walikuwa zaidi ya 6,300, wengi wao askari polisi wa kawaida. Huko ndiko Blokhin alikotumwa kutoka Moscow.

Tunajua yaliyotendeka kwa sababu Dmitry Tokarev, aliyekuwa mkuu wa polisi ya siri mjini Kalinin, aliyaeleza mbele ya wachunguzi mwaka 1991, akiwa mzee sana. Alisema kwamba mateka waliletwa mmoja mmoja katika chumba ambamo waliulizwa jina na mwaka wa kuzaliwa, ili kuhakikisha kwamba ndiye aliyeandikwa. Kisha mateka alifungwa pingu, akaingizwa katika chumba cha pili ambacho mlango wake ulikuwa umefunikwa kwa sufu nzito ili mlio usisikike nje, na huko akapigwa risasi ya kisogo. Blokhin alivaa aproni ndefu ya ngozi, kofia ya ngozi, na glavu za ngozi zilizopita viwiko. Alikuwa amekuja na sanduku lililojaa bastola za Kijerumani aina ya Walther, kwa kuwa bastola moja isingestahimili kazi ile.

Usiku wa kwanza waliletwa watu zaidi ya 300, na mapambazuko yakawakuta wauaji bado kazini. Kuanzia hapo ikaamriwa wasiletwe zaidi ya 250 kwa usiku mmoja. Ndugu zangu, 250 ni kanisa la kigango likijaa watu siku ya Dominika. Fikirini kanisa hilo likimalizwa usiku mmoja, kisha jingine usiku mwingine, kwa zaidi ya mwezi mzima. Tena ilikuwa Aprili na Mei: kwa sehemu kubwa ya majuma hayo Kanisa lilikuwa likiimba Aleluya ya Pasaka.

Katika ushuhuda wote wa Tokarev, pana mahali ambapo mimi hushindwa kuendelea kusoma. Alimkumbuka mateka mmoja ambaye alimwuliza umri wake. Alikuwa na miaka 18. Kazi yake mpakani ilikuwa kuunganisha simu. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita, maelfu yalikuwa yamepita mbele ya macho ya mzee yule, na bado alimkumbuka kijana huyo wa simu.

Hapa ndipo ninapoliona jibu lililo zito kuliko lile la jina na idadi. Blokhin hakuua watu elfu sita au saba. Aliua mtu mmoja, kisha mtu mmoja, kisha mtu mmoja. Hakuna awezaye kuua kwa jumla, kwa sababu Mungu hakuumba kwa jumla. Sisi ndio tunaojumlisha baadaye, na tukishajumlisha tunapata namba kubwa ambayo haituumi tena. Namba hiyo hutupatia faraja ya hatari, maana kila mmoja wetu hujisemea moyoni: mimi si kama mtu yule. Amri ya Tano ikageuka kuwa habari ya mtu mwingine, katika nchi nyingine, ilhali Bwana wetu, katika mahubiri yake Mlimani, aliirudisha amri hiyo hadi kwenye hasira na tusi, yaani mahali ambapo sote tumewahi kufika.

Zaidi ya hayo, Blokhin hakuwa peke yake. Mwezi Oktoba 1940 watu 125 waliandikwa katika orodha ya kupewa zawadi ya fedha kwa kazi ile. Walikuwapo walinzi, wenye kuendesha malori na wengineo, kila mmoja na sehemu yake. Yamkini wengi wao waliweza kuapa kwamba hawakumwua mtu.

Tena yuko mtu ambaye hakuhitaji kushika bastola kabisa. Rudolf Höss, aliyeijenga na kuiongoza kambi ya Auschwitz, alisimamia mahali ambapo watu wapatao milioni 1.1 walipoteza uhai, walio wengi sana wakiwa Wayahudi. Humo ndimo alimofia Mtakatifu Maksimiliani Kolbe tarehe 14 Agosti 1941. Kijana wangu wa Kipaimara alitenganisha mkono na amri. Mbele ya Mungu utengano huo haupo. Aliyeamuru, aliyesaini, aliyeendesha lori na aliyefyatua risasi, damu ni ile ile, wala haigawanyiki ikapungua kwa kuwa wenye kugawana ni wengi.

Nayasema haya nikikumbuka jambo la hapa kwetu, si la Ulaya. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyoitumikia kabla ya hii, niliitwa usiku kumpaka mafuta kijana aliyepigwa na wananchi wenye hasira kwa madai ya wizi. Nilipofika alikuwa amekwisha kukata roho. Siku zilizofuata niliongea na baadhi ya waliokuwapo, si katika kitubio bali barazani, wakiwamo Wakristo waliokuwa wakipokea Ekaristi mikononi mwangu. Mmoja alisema: "Mimi nilirusha jiwe moja tu, Padre." Mwingine: "Mimi nilipiga kelele za mwizi tu." Mwingine: "Mimi nilitazama tu." Maiti ilikuwapo; muuaji hakuwapo hata mmoja. Nilipouliza jina la marehemu ili nilitaje katika sala, hakuna aliyelijua. Kule Kalinin, katika ukatili ule wote, waliuliza jina kabla ya kuua. Sisi hatukuuliza.

Sasa laja swali gumu zaidi, ambalo halikuulizwa darasani: je, mtu kama huyo husamehewa? Höss alilelewa katika familia ya Kikatoliki, na baba yake alitamani awe padre, lakini aliiacha imani angali kijana. Baada ya kuhukumiwa kifo mwezi Aprili 1947, aliwekwa katika gereza la Wadowice, mji uleule alikozaliwa Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo wa Pili. Huko aliomba padre. Alikwenda Mjesuiti, Padre Władysław Lohn, ambaye ndugu zake wa shirika walikuwa wameteswa Auschwitz. Alimsikiliza kwa muda mrefu, akamwondolea dhambi, na Höss akapokea Komunyo Takatifu. Tarehe 12 Aprili aliandika tamko la kukiri makosa yake na kuomba msamaha. Tarehe 16 alinyongwa, palepale Auschwitz.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kuivaa stola na kuingia katika chumba kile. Upo upande wa moyo wangu unaotamani pawe na mpaka: hadi hapa huruma, kuanzia hapa hapana. Nawaambia kwa unyofu kwamba sijaona mpaka huo mahali popote katika Injili. Lakini pia sijaona huruma iliyo rahisi. Ondoleo halikumfufua hata mmoja wa wale milioni moja, wala halikuwafuta machozi mama zao. Höss hakuweza kuungama namba. Alipaswa kukiri kwamba wale walikuwa watu. Hapo ndipo toba huanzia: pale ambapo namba hurudi kuwa watu, na "sisi" hurudi kuwa "mimi". Mwenye jiwe moja anahitaji mlango uleule aliopitia Höss, na asipofika anabaki nje, hata kama jiwe lake lilikuwa dogo.

Blokhin alivuliwa cheo chake cha ujenerali mwaka 1954, baada ya kifo cha Stalin, akafa mwezi Februari 1955. Serikali ya Kisovieti ilikana mauaji yale hadi tarehe 13 Aprili 1990. Mwaka 2000 yalifunguliwa makaburi ya Mednoye, karibu na Tver, ambako kila marehemu ana kibao chake chenye jina. Hata hivyo, mwezi Mei 2020, katika jengo lenyewe la mauaji, ambalo sasa ni chuo cha udaktari, vibao vya ukumbusho viling'olewa. Nadhani hata leo jina la aliyeuawa linaogopwa kuliko idadi.

Kwa hiyo juma hili naziomba jumuiya zetu ndogondogo jambo moja. Kama mtaani kwenu aliwahi kuuawa mtu, iwe kwa tuhuma za wizi, uchawi au nyinginezo, tafuteni jina lake. Leteni jina hilo ofisini litajwe katika Misa, na awepo atakayekwenda kumsalimu mama yake, ikiwa yu hai. Na aliyekuwapo siku hiyo, akiwa na jiwe au akiwa na macho tu, nitakuwa katika kiti cha kitubio Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa kumi jioni.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu